Nimefungua risasi hamsini kwa sababu ya simu moja kutoka Tabora

Jumamosi nilikuwa gereji kwa mzee jirani yangu hapa Wisconsin, tunajaza risasi za .30-06, aina ya risasi za raifo, yaani maganda yaliyokwishapigwa tunayatia fataki, baruti na kichwa kipya yatumike tena. Msimu wa kulungu kwa bunduki huku ni siku tisa tu mwezi wa Novemba, kwa hiyo watu wanajiandaa mapema, wanajaza, wanaenda kulenga shabaha, wanarekebisha. Mimi ndo naanza, huu mwaka wa pili. Nimeshamaliza maganda kama thelathini, vichwa vimekaa, simu ikaita. Mdogo wangu, Tabora. Nikapokea, nikaiweka simu mezani loudspeaker karibu na mzani wa baruti huku naendelea kupima.

Habari yenyewe ilikuwa ya nyumba yangu kule Ipuli, fundi amemwaga zege la linta. Nikauliza mfuko mmoja wa simenti ameweka ndoo ngapi za mchanga na ngapi za kokoto. Jibu: "Kaka, fundi anajua, kaweka ya kutosha." Nikaanza kupandisha sauti, ya kutosha ndo ngapi, yeye ananiambia usijali kaka, mi huku mikono inaendelea na kazi. Nikafika hamsini.

Mzee hakusema kitu mpaka nilipokata. Akachukua kile kijiwe cha chuma cha kukagulia mzani, gramu 20 kamili, akakiweka. Kilitakiwa kisome greni 308.6, greni ndo kipimo cha uzito tunachopimia baruti. Kikasoma 307.2. Yaani mzani ulikuwa unadanganya kwa greni 1.4, chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa sababu ratili moja, karibu nusu kilo, ina greni 7,000, hebu fikiria udogo wake. Lakini unadanganya kwa upande mbaya, unasoma pungufu, maana yake kila ganda nililijaza zaidi ya nilivyodhani. Na umeanza lini kudanganya, kwenye la tano au la arobaini? Hakuna anayejua. Mzee akasema tunafungua zote.

Nikamwambia mzee, kiasi cha baruti tulichochagua kiko chini ya kiwango cha juu kwenye kitabu cha vipimo, hiyo nyongeza ndogo labda bado ni salama. Akaniangalia akaniambia hilo neno labda liache nje ya mlango wa hii gereji.

Basi nikachukua nyundo ya kuchomolea. Ni kama nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani, unabana risasi humo, unagonga kwenye sakafu, mara mbili, mara tatu, kichwa kinachomoka na baruti inamwagikia ndani. Hamsini. Mkono uliuma mpaka kwenye bega na kila nikigonga naisikia ile sauti, kaweka ya kutosha.

Ndo kitu ninachotaka kusema leo na najua kuna watu watanirukia. Huku tofauti kubwa niliyoiona siyo barabara wala umeme. Ni kwamba mtu wa kawaida kabisa, mzee mstaafu wa kiwanda cha jibini, hana digrii, anapima, anaandika alichopima, na akikosea anavunja alichojenga hata kama hakuna mtu anayemwona. Sisi tunakadiria. Tunakadiria zege, tunakadiria dawa ya mtoto kwa kijiko cha chai chochote kilichopo jikoni, gunia tunalifunga lumbesa mpaka linaota kichwa halafu tunaliita gunia moja.

Haya, nawasikia tayari. "Umekaa ulaya miaka tisa unatuona wajinga." Kwanza Marekani siyo ulaya. Pili mimi nimezaliwa Ng'ambo, ile Ng'ambo ya Tabora mjini, nimekula michembe na nsansa kuliko nyie wengi mnaotaka kunitukana, na hapa nilipo mama akituma michembe naificha ili nisiimalize wiki moja. Siwadharau watu wa kwetu. Mababu zetu walikuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe kabla Mjerumani hajaonekana. Mtemi Mirambo aliendesha dola yenye bunduki za kutosha kutikisa njia yote ya kwenda Ujiji, na alikufa 1884, mwaka uleule ambao Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, hii tunayotumia leo kwenye raifo. Mrina asali wa Sikonge anakwambia kwa kuangalia ua la mti gani limechanua, asali itatoka lini na itakuwa rangi gani. Huyo ni mtaalamu na namvulia kofia. Shida yangu inaanzia pale utaalamu unapobaki kichwani na kiganjani tu.

Kiganjani, kwa sababu mjomba wangu alikuwa na gobore. Alikuwa anamimina baruti kwenye kiganja cha kushoto, anaiangalia, anatikisa kidogo, anaongeza, anamimina kwenye mtutu, anashindilia. Kipimo chake kilikuwa ile mistari ya kiganja. Miaka mingi alikuwa sawa. Siku moja porini huko mbele ya Sikonge mtutu ukapasuka, vidole viwili vikaenda na jicho moja. Nilikuwa darasa la tano, nakumbuka shuka jinsi lilivyokuwa. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia ilikuwa bahati mbaya, na wazee wengine wakasema ni mkono wa mtu. Hakuna aliyeuliza baruti ilikuwa kiasi gani, na hata angeuliza, hakuna mahali ilipoandikwa.

Sasa huku nilipoanza, mzee hakunipa hata baruti kuigusa. Alinipa kitabu cha vipimo nisome wiki mbili, halafu akanipa maganda yaliyokwishapigwa nikague. Unatafuta ufa shingoni, unatafuta ule mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako, ukiuona hilo ganda ni la kutupa, shaba imechoka. Ukimaliza unalikandamiza kwenye presi lirudi umbo lake na fataki iliyokufa, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, itoke, unalipima urefu, la .30-06 lisizidi inchi 2.494, likizidi unalikata. Ndo unaweka fataki mpya, ndo baruti, ndo kichwa. Kila hatua peke yake, maganda yote kwanza, ndo unahamia hatua nyingine. Hilo nalo Jumamosi nililivunja, nilikuwa najaza na kufunga moja moja badala ya kujaza yote kwenye ubao wa kusimamishia maganda na kumulika tochi ndani nione yamelingana.

Mambo mengine aliyonikazania: baruti aina moja tu mezani, nyingine zote kabatini. Anza na kipimo cha chini cha kitabu, panda kidogo kidogo, na fataki ikianza kubonyea bapa au bolti ya bunduki ikiwa ngumu kufunguka, acha hapohapo. Baruti ya raifo haipimwi kwa ujazo wa kikombe kama ile nyeusi ya gobore, na hii ya raifo usiitie kwenye gobore hata siku moja, itapasuka. Miwani machoni. Ukimaliza nawa mikono kabla hujashika chakula, kwa sababu ya madini ya risasi. Na ganda lenye matundu mawili madogo ndani badala ya moja, weka pembeni, litavunja pini ya presi. Yale mawili ni mtindo wa Berdan, Mmarekani, lakini unatumika zaidi nje ya Marekani, na lile la moja ni la Boxer, Mwingereza, na ndo Wamarekani wanalitumia. Hata mzee hilo linamfurahisha.

Mwingine atasema, "Hao unaowasifia ndo bunduki zao zinaua watoto shuleni." Ni kweli, na inaniumiza, mimi pia nina mtoto shuleni huku. Sisemi nchi yao ni bora. Wala sisemi mtu wa Kaliua aanze kujaza risasi chumbani, sheria yetu ya silaha na risasi ya 2015 iko wazi, kutengeneza bila kibali ni kesi, tena kesi kubwa. Naongelea ule mzani na lile daftari. Daftari la mzee linaanza 1978, kila kundi la risasi lina tarehe, aina ya baruti, greni ngapi, kichwa cha uzito gani, siku ile baridi kiasi gani, zilipiga wapi kwenye karatasi. Pale kwa Jumamosi yetu ameandika kwa mkono wake: hamsini zimefunguliwa, mzani. Hakuandika jina langu.

Na mwingine, "Kupima ni gharama." Ndoo ya lita ishirini ni gharama gani jamani? Wakulima wa tumbaku wa Urambo wanajua uchungu wa kilo kuliko mtu yeyote, mzani wa mnunuzi ukicheza kidogo mtoto haendi sekondari. Tunaujua mzani ukiwa wa mwenzetu. Kwenye kazi za mikono yetu wenyewe tunasema fundi anajua.

Jumapili nilirudi gereji, simu nimeiacha kwenye gari. Mzani nikauwasha nusu saa kabla upate joto, kijiwe kikasoma 308.6, nikakirudisha tena kila baada ya maganda kumi. Nimefika ishirini tu, zimetosha.

Na mdogo wangu nimempigia usiku. Alhamisi wanamwaga zege la nguzo za baraza. Nimemtumia hela ya ndoo mbili zinazofanana na daftari la kurasa mia, asimame pale mwenyewe, kila ndoo inayoingia aichoree mstari, na fundi akinuna amnunulie soda. Ile linta nimesema ipigwe nyundo, ikimeguka ivunjwe. Amekasirika, amesema nimebadilika. Gharama ya kuivunja nitalipa mimi.