Fokasi ya kidole gumba haijazeeka, inaeleweka vibaya

Ukikaa na wapiga picha wa Bagamoyo, wale wanaozunguka na maharusi Mji Mkongwe na kwenye mbuyu wa Kaole, au wanaoshinda soko la samaki kutafuta picha za wavuvi, haupiti muda mrefu kabla mjadala wa kitufe cha nyuma, yaani kufokasi kwa kidole gumba nyuma ya kamera, haujaibuka. Kuna wanaosema ukiwa bado unafokasi kwa shata, kile kitufe cha kupigia picha, basi hujaanza kazi. Na kuna vijana walioanzia moja kwa moja kwenye miralesi, kamera zisizo na kioo ndani, hao wanakwambia bro mambo ya kidole gumba yalikuwa ya DSLR, zile za kioo, kamera ya leo inaona jicho yenyewe, sasa ya nini kujipa kazi ya ziada. Hoja ya vijana ina nguvu na nitaifikia. Ila naona upande wa kidole gumba unaeleweka vibaya sana, na lawama nyingine ni ya wanaoutetea wenyewe, maana wanautetea kwa sababu isiyo yake.

Kwa kifupi tu kwa ambaye hajawahi kujaribu: kamera ikitoka kwenye boksi, ukibonyeza shata nusu inafokasi na kupima mwanga, ukimalizia inapiga. Fokasi ya nyuma inatoa ile kazi ya kufokasi kwenye shata na kuipeleka kwenye kitufe kilichopo nyuma, pale kidole gumba kinapokaa chenyewe ukishika kamera. Siyo kitu kipya, Canon waliileta kwenye EOS 630 mwaka 1989, enzi za filamu.

Sasa watetezi wengi wanakwambia ukihamia huko picha zako zitakuwa shapu zaidi. Hapana. Mota ya lenzi ni ileile, pointi za fokasi ni zilezile, kamera haipati akili mpya kwa sababu umebonyeza nyuma badala ya mbele. Mtu anajaribu wiki moja, anaona ushapu haujabadilika, anarudi kwenye shata na kuanza kuhubiri kwamba ni mbwembwe. Na kwa alichoahidiwa, ana haki kabisa ya kusema hivyo.

Kinachobadilika ni kitu kimoja tu, kwamba kuamua fokasi ikae wapi na kuamua picha ipigwe saa ngapi yanakuwa mambo mawili tofauti. Ukifokasi kwa shata hayo mawili yamefungwa pamoja, kila unapotaka kupiga inabidi kamera iamue upya fokasi iwe wapi, hata kama hakuna kilichosogea. Umewasimamisha bwana na bibi harusi mbele ya mlango wa kuchonga, hawaendi popote, na wewe unapiga picha ishirini za tabasamu zilezile kumpata ambaye hajafumba macho, basi umeiomba kamera iamue mara ishirini jambo ambalo lilishaamuliwa mara ya kwanza. Kumi na nane itapatia, moja itashika ua la mkononi, moja itashika nakshi za mlango, na utakuja kugundua nyumbani kwenye kompyuta. Kwa kidole gumba unabonyeza mara moja, unaachia, fokasi imebaki pale ulipoiweka na shata haina ruhusa ya kuigusa, unapiga mpaka utakapochoka.

Pale soko la samaki ndo utaliona hili vizuri zaidi. Nenda wanapokaangia, makarai yamepangwa, mafuta yanachemka, moshi unapanda na upepo wa bahari unaugeuza huku na huku. Unataka uso wa mama anayegeuza samaki. Moshi ukipita kati yako na yeye utofauti wa mwanga na kivuli unapotea, na otofokasi inaishi kwa huo utofauti, kwa hiyo lenzi inaanza kwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta pa kushika, na ikiwa fokasi iko kwenye shata hapo ndo unakosa kabisa, maana sekunde ile moshi unapokuwa mzuri kwenye picha ndo sekunde ambayo kamera haioni kitu. Mwenye kidole gumba alishafokasi moshi ulipokuwa umekaa pembeni, kidole kimeachia, sasa anangoja tu. Mama hajasogea, fokasi haijasogea, moshi upite utakavyo.

Na mnada ni vivyo hivyo. Dalali yuko katikati, watu wamemzunguka, mabega na vichwa vinapita mbele ya lenzi kila saa, mtu anainua ndoo, mwingine ananyoosha mkono kutaja bei. Kwa shata, ukibonyeza wakati kichwa kinapita fokasi inakwenda kwenye kichwa. Kwa kitufe cha nyuma unainua kidole, kichwa kinapita, unashusha kidole. Ikija ngalawa kutoka baharini nayo inakuja upande wako, unabonyeza na kushikilia, kamera iko kwenye AF-C, fokasi ya kufuata kitu kinachotembea, au AI Servo kwa watu wa Canon, inaifuata mpaka inagusa mchanga. Hujaingia kwenye menyu kubadilisha kutoka fokasi ya kitu kilichotulia kwenda ya kitu kinachotembea. Ukishikilia inafuata, ukiachia inatulia, na ukizungusha ringi ya fokasi kwa mkono, kwa lenzi zinazoruhusu hivyo, shata haiji kukuharibia.

Kuna watu wanajibu hapa, na ni jibu la maana, wanasema kamera ina kitufe cha kufunga fokasi tayari, si ubaki na shata yako na ukitaka kufunga ubonyeze kile. Inawezekana ndiyo. Lakini angalia vidole vinafanya nini. Kwa njia hiyo ili fokasi isitembee inabidi gumba likandamize muda wote, na kidole cha mbele mara nyingi nacho kimeshikilia shata nusu, mkono mzima umekaza na lenzi inatikisika. Kwa njia ya nyuma ili fokasi isitembee huhitaji kufanya chochote, umeachia. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kungoja, na mimi naona kungoja kufanyike mkono ukiwa umelegea.

Kuna hesabu moja ambayo naomba tuikalie kidogo maana ndo inayotumika sana kuipinga njia hii. Wanasema ukifokasi katikati, ukaachia, halafu ukageuza kamera kupanga picha upya, fokasi inakuwa imehama. Kihesabu ni kweli. Chukua lenzi ambayo karibu kila kijana anayo, 50mm f/1.8, yaani inayofunguka sana, kwenye kamera ya sensa ndogo, mtu yuko mita 2. Eneo lililo shapu, mbele na nyuma kwa jumla, ni kama sentimita 11. Kwa 85mm f/1.8 kwenye sensa kubwa umbali uleule ni kama sentimita 6 tu, yaani kutoka pua mpaka sikio huwezi kuvipata vyote. Padogo kweli. Lakini ukiwa na ile 50 ukageuza kamera kidogo ili uso utoke katikati uende kwenye theluthi ya fremu, unageuza kama nyuzi 4, na kwa nyuzi 4 kosa la fokasi ni kama nusu sentimita. Nusu, ndani ya 11! Ukigeuza mpaka uso ufike pembeni kabisa, nyuzi 12 hivi, kosa linafika kwenye sentimita 4 na nusu, na hapo ndiyo, jicho linakaribia kuponyoka. Kwa hiyo anayesema kupanga upya kunaharibu yuko sahihi kwa pembeni kabisa na lenzi iliyofunguliwa sana, hayuko sahihi kwa picha za kila siku. Kinachoharibu zaidi ni mwili. Wewe unayumba, bibi harusi anayumba kwenye viatu virefu juu ya mchanga, na sentimita 5 za kuyumba ni kitu cha pumzi mbili. Ukishafungua lenzi hivyo usiachie kidole ukasahau, gusa tena kila baada ya picha chache. Hilo nalikubali bila ubishi.

Sasa hoja ya vijana. Miralesi za miaka hii, Sony kuanzia ile A6400 ya 2019, Canon R5 na R6 za 2020 na zilizofuata, zinashika jicho na kulifuata fremu nzima mpaka pembeni. Kwa mtu mmoja anayetembea ufukweni kuelekea kwako hakuna kidole kitakachoishinda hiyo, na ile hesabu yote ya nyuzi na kupanga upya inakufa, maana hupangi upya tena, kamera inalifuata jicho popote ulipoliweka kwenye fremu. Kwa kazi kama hiyo kijana akibaki na shata simuoni kakosea popote.

Ila ukimpeleka pale kwenye mnada kuna nyuso thelathini, na kamera inajua jicho ni nini lakini haijui dalali ni nani. Itachagua uso ulio karibu au uliogeuka vizuri. Shela la bibi harusi nalo, wavu unapofunika uso kamera nyingine zinashika wavu, na picha ya shela ni ile ambayo familia itaining'iniza sebuleni. Na ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wachezaji wanapishana, taa za jukwaa zinabadilika, uso unaoutaka unapotea nyuma ya mwenzake kwa nusu sekunde na kamera inahamia kwa aliyepo mbele. Akili ya kutambua jicho imetatua swali la fokasi ikae wapi kwenye huo uso. Swali la uso wa nani, na swali la ianze lini na iache lini kutafuta, hayo bado ni yako. Ndo maana nasema kitufe cha nyuma hakijazeeshwa na miralesi, kwa sababu kinajibu swali lingine. Tena vinafanya kazi pamoja vizuri sana, unaweka kutambua jicho kwenye kidole gumba, ukishikilia inafuata jicho, ukiachia inabaki. Kwenye R5 na R6 unaweza hata kukipa kitufe cha pembeni yake kazi ya jicho, na AF-ON, yaani kile kitufe cha nyuma cha fokasi, ikabaki kwa pointi moja, kwa hiyo shela likishuka unahamisha kidole tu.

Yanayonisumbua kweli upande wangu ni mengine na hayazungumzwi sana. La kwanza, gumba ni moja. Ukiwa umelishikilia kwenye AF-ON huwezi kusogeza pointi ya fokasi kwa kile kijiti cha nyuma, na mwenye shata anaweza. Kwa anayehamisha pointi sana hii ni hasara ya kweli. La pili ni kwa wenye Nikon za kioo, Nikon wenyewe wanaandika kwenye vitabu vya kamera hizo kwamba VR, ile ya kuzuia mtikisiko, haiamki kwa kubonyeza AF-ON, inaamka kwa shata nusu, kwa hiyo ukifuata ngalawa kwa lenzi ndefu inabidi kidole cha mbele nacho kiguse kidogo, la sivyo utaiona inatikisika kwenye kioo muda wote. La tatu, kwenye AF-C kamera nyingi zimewekwa zikubali kupiga hata kama fokasi haijakaa, hazitakuzuia kama zinavyokuzuia kwenye fokasi ya kutulia. Shata inapiga tu, ukisahau kidole imekula kwako.

Na la nne, ambalo kwa Bagamoyo naliona zito kuliko yote, ni kamera ya watu wawili. Ofisi nyingi ndogo zina kamera moja nzuri, bosi anapiga ndani ya ukumbi, dogo anapokea nje. Au mteja anasema kaka njoo na wewe tupige wote, unampa mjomba wake kamera. Yule aliyepokea anabonyeza kama alivyozoea, kamera inapiga, mlio unasikika, kila kitu kinaonekana sawa, na hakuna hata picha moja iliyofokasi. Hapo siwezi kumwambia mtu ahamie kidole gumba kwa sababu mimi nakipenda. Kama kamera inapita mikono miwili na wote hawajazoea, iacheni kwenye shata.

Kama kamera ni yako peke yako na hujajaribu kwa haki, setingi ni hizi. Nikon ndogo zisizo na AF-ON unakigeuza kile cha AE-L/AF-L, cha kufunga mwanga na fokasi, kiwe AF-ON. Canon ndogo unatumia kitufe cha nyota, unaingia kwenye kipengele cha shata na kitufe cha kufunga mwanga, na kati ya yale machaguo manne chukua la mwisho, siyo la pili, maana la pili linahamisha fokasi lakini shata nusu inafunga mwanga, na wingu likipita utapata picha nyeusi ukadhani tatizo ni kidole. Sony unazima fokasi ya shata kwenye menyu na kukipa kitufe cha nyuma kazi hiyo. Weka AF-C. Halafu usiende kuanzia kwenye harusi ya mtu, nenda soko la samaki madau yanaporudi, ukae hapo mpaka gumba lizoee kushuka na kuinuka bila wewe kulifikiria.