Tairi ndani ya tanuru la chuma

Nyuma ya gereji ya mtaani kwetu vijana huchoma matairi ili wapate nyaya zilizomo, wakaziuze kwa kilo kwa mnunuzi wa skrepa. Moshi wake mnaujua: nguo zilizoanikwa zinarudi kwenye beseni. Matairi yenye bahati hukatwa katambuga.

Kwa hiyo niliposoma kwamba huko Sydney wanatia matairi kwenye tanuru la chuma, nilinuna. Nikadhani ni moshi uleule, ila umezungushiwa ukuta. Nilikosea.

Mwenye wazo hilo ni Profesa Veena Sahajwalla wa Chuo Kikuu cha New South Wales, mzaliwa wa Mumbai. Tanuru lenyewe huyeyusha chuma chakavu kwa umeme, joto likikaribia nyuzi 1,600. Juu ya chuma kilichoyeyuka huelea uchafu ambao Kiswahili, bila haya, kinauita mavi ya chuma. Mafundi huupulizia unga wa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa mpaka yakabaki karibu kaboni tupu. Kaboni iliyomo hunyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma, gesi hufurukuta, na yale mavi huumuka povu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Povu hilo hulifunika tao la umeme, ule mwale mkali unaoyeyusha chuma, joto halipotei ovyo, na umeme kidogo zaidi unatumika.

Sasa, mpira wa tairi nao umejaa kaboni. Una hidrojeni pia, nayo ni mnyang'anyi mzuri wa oksijeni. Basi kiwanda cha OneSteel, kampuni ya chuma ya hukohuko Australia, kikaanza kupuliza chembe za mpira zilizochanganywa na koki, na matairi yaliyopita njia hiyo yamefika mamilioni.

Koki haikuondoka yote, sioni ubaya. Wala sisemi tuige kesho, maana njia hii inataka tanuru la aina hiyo. Ninachotaka tukiige ni ule udadisi wa kuichungulia taka na kuuliza ndani yake mna nini ambacho kiwanda cha jirani kinakinunua kwa pesa. Kwetu mwenye skrepa na mwenye rundo la matairi hawakutani ila kwenye mizani ya waya, sembuse kukaa meza moja na mkemia.

Jana jioni vijana wamechoma mengine manne. Waya ukaenda kwenye mizani, kaboni ikaishia kwenye mapazia yangu.