Barua ya Sororiti Si Dhamana: Kwa Wazazi Wenye Mabinti Vyuoni Marekani

Kwetu ukisema "mtafutie mtu wa kumdhamini", kila mtu anajua uzito wa neno hilo. Mdhamini wa mahakamani anasaini bondi, na mshtakiwa akitoroka ni yeye anayetafutwa. Kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, uliyemdhamini akishindwa kurejesha mkopo, hisa zako ndizo zinazoshikiliwa. Pwani, mwari akienda kinyume na mafunzo, watu wanauliza somo wake, yule mwanamke aliyemfunda, ni nani. Kumwombea mtu mlango ni kujifunga naye kamba moja.

Ndiyo maana wazazi wengi wa Kiswahili walioko Marekani huingiwa na wasiwasi binti anapomaliza sekondari, akapata chuo katika majimbo ya kusini kama Alabama, Mississippi au Georgia, kisha akasema anahitaji mwanamke wa kumwandikia barua ya mapendekezo ya sororiti. Mzazi anaanza kuwaza kinyumbani: nimsumbue nani, fadhila hii nitairudisha vipi, na mtoto akiharibu je? Mimi nasema barua ile si udhamini, ni utambulisho. Ndugu yake wa karibu ni barua ya serikali ya mtaa. Mzazi akilielewa hilo, ataiomba bila hofu na hataitegemea kuliko inavyostahili.

Kwa asiyejua: sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike chenye jina la herufi za Kigiriki, matawi vyuoni, makao makuu ya taifa, ada, viapo, na kwenye vyuo vingi nyumba yake ya kuishi. Uanachama hauishi kwa kuhitimu. Aliyeapishwa akiwa na miaka 19 bado ni mwanachama akiwa na 70, na huyo aliyehitimu ndiye anayeandika barua. Vyama 26 viko chini ya baraza la National Panhellenic Conference, lililoanzishwa mwaka 1902. Vile vinne vikubwa vya wanawake weusi vina baraza lao na utaratibu wao, nitavifikia baadaye.

Sababu ya barua kuwepo ni hesabu tu. Chuo Kikuu cha Alabama peke yake huandikisha wasichana zaidi ya 2,000 wanaotafuta sororiti kila mwezi wa nane. Kila msichana anapita nyumba baada ya nyumba, na katika raundi za mwanzo anaongea na wenyeji dakika chache mno. Jioni wenyeji wanapiga kura, wasichana nao wanapanga nyumba walizozipenda, kisha kompyuta inalinganisha pande mbili na kutoa orodha ya kesho yake. Huwezi kumjua mtu kwa dakika hizo ukiwa umesimama kwenye kelele. Kwa hiyo chama kinataka kuwa na karatasi yake kabla hajafika mlangoni.

Tuitazame karatasi yenyewe. Siku hizi ni fomu ya mtandaoni ambayo mwanachama huijaza kwenye tovuti ya chama chake. Inataka jina kamili la msichana, mji wake, shule aliyosoma na chuo anachokwenda. Inataka GPA yake ya sekondari, yaani wastani wa alama, na mara nyingi matokeo ya mtihani wa kuombea chuo, ACT au SAT. Halafu shughuli zake: michezo, uongozi, kujitolea, kazi za kulipwa, tuzo. Inauliza kama mama, bibi au dada yake ni mwanachama. Mwishoni inafika pale ambapo mzazi wa Kiswahili angeshangaa: je, unamfahamu msichana huyu wewe mwenyewe, na kwa muda gani? Fomu nyingi zinamruhusu mwandishi kujibu kwamba hamfahamu, amepata habari zake kupitia mtu mwingine, na bado fomu inapokelewa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa inasema "namfahamu mtajwa hapo juu kuwa ni mkazi wa mtaa wangu", inapigwa muhuri, basi. Haisemi kwamba mwenyekiti atalipa deni lako. Hii ya sororiti nayo iko hivyo. Binti akifukuzwa kwenye chama mwaka wa pili, hakuna atakayempigia simu aliyeandika.

Maandalizi yaanze mwezi wa tatu au wa nne wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Chukua orodha ya sororiti zilizopo chuoni hapo kutoka ukurasa wa chuo, chora jedwali, kila chama na mstari wake. Mwanachama anaandika kwa chama chake tu, na haidhuru alisoma chuo gani: aliyeapishwa Texas anaweza kumwandikia msichana anayekwenda Chuo Kikuu cha Auburn, mradi ni chama kilekile. Majina yanafanana mno, na makosa mengi huanzia hapo. Delta Gamma, Delta Zeta, Delta Delta Delta na Alpha Gamma Delta ni vyama vinne tofauti kabisa. Kumwambia mwanamke wa Delta Zeta kwamba binti yako ana hamu ya kuingia Delta Gamma ni kuanza vibaya.

Andaa wasifu wa ukurasa mmoja. Usizidi. Masomo na wastani juu, shughuli za darasa la 9 hadi la 12 katikati, kazi na kujitolea chini, ukitaja saa au miezi ("saa 60 hospitalini" inasema zaidi kuliko "anapenda kusaidia jamii"). Hapa mabinti zetu hujinyima bure. Aliyefundisha watoto Kiswahili Jumamosi, aliyewatafsiria wageni wapya kliniki, aliyelea wadogo zake wakati mama yuko zamu ya usiku, haandiki hata kimoja kwa sababu nyumbani hayo ni mambo ya kawaida. Yaandikwe. Ongeza picha mbili, ya uso na ya mwili mzima, zenye mwanga mzuri, bila miwani ya jua na bila kichujio cha simu. Zamani vyote viliwekwa kwenye bahasha kubwa pamoja na stempu. Leo PDF moja kwa barua pepe inatosha, jina la faili likiwa jina la msichana na la chuo.

Jina ndilo linalotuangusha sana. Mtoto pasipoti inasema Zuhura Omari Hamisi, shuleni anaitwa Zuhura Omari, mtandaoni ni Zuu Hamisi. Chama kinapanga karatasi kwa jina la mwisho. Mwandishi akijaza "Omari" na msichana akajiandikisha kwa "Hamisi", fomu inakaa peke yake na binti anaonekana hana barua. Chagueni namna moja ya kuandika jina, ile atakayojiandikishia chuoni, na iwe hiyohiyo kwenye wasifu, kwenye faili na kwenye barua pepe.

Waandishi wanapatikana wapi? Mtaani kwako hapo. Mwalimu wa darasa, mkunga, mfanyakazi wa benki, mama wa rafiki yake, msimamizi wako kazini: uliza waziwazi, "je, chuoni ulikuwa kwenye sororiti?" Kwa Wamarekani swali hilo si la aibu, na wengi hulijibu kwa furaha. Miji mingi pia ina umoja wa wanachama waliohitimu kutoka vyama mbalimbali ambao kazi yao moja ni kuwasaidia wasichana wasio na mtu. Binti aandike ombi mwenyewe. Mzazi akiandika kwa niaba yake inasomeka kama hajiwezi. Wapeni wanawake hao vitu vyote mwezi wa tano, na waelezeni tarehe ya mwisho ya chama chao, kwa sababu kila chama kina yake. Ombi la mwisho wa mwezi wa saba hukuta watu wako likizo, na karatasi iliyotumwa kwa posta kwenye nyumba ya chuo wakati wa kiangazi inaweza kulala sandukuni mpaka msimu uishe.

Barua moja kwa kila chama inatosha, mbili ni desturi ya kusini. Kumi hazina maana. Msidai nakala pia, kwa kuwa inakwenda chamani na kubaki siri. Kinachofuata ni kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono, na hilo huku linatazamwa kuliko tunavyodhani.

Barua haiokoi alama. Kila chama kina kiwango chake cha GPA, na baada ya raundi ya kwanza wengi hukatwa kwa hicho tu. Haimlazimishi mtu kumpigia kura binti wako. Isitoshe, tangu karibu mwaka 2020 vyama vingi vya taifa vimeondoa sharti la barua, na vingi vimeacha kumpa kipaumbele binti wa mwanachama. Kwenye vyuo vingi vya kaskazini na magharibi hakuna anayeiuliza. Kusini desturi imebaki hata pale sharti lilipoondoka, kwa hiyo pata unazoweza kupata, na pasipo na mtu acha nafasi wazi binti aende vivyo hivyo.

Nasema kwa uchungu kwamba sharti lile lilistahili kuondoka. Ukitaka barua ya mwanachama, unauliza mama wa msichana anamjua nani. Chama kilichokaa miaka 100 bila kumpokea msichana mweusi kina wahitimu wanaoishi, kusali na kufanya kazi mbali na familia za watu weusi, halafu kinamwambia binti mweusi alete barua kutoka kwao. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Alabama, The Crimson White, liliandika jinsi wahitimu walivyoingilia kati kuzuia wasichana weusi wasialikwe na sororiti za kizungu, hata pale wanafunzi wenyewe walipowataka. Rais wa chuo, Judy Bonner, akaagiza milango ifunguliwe tena msimu ukiwa umekwisha, na mialiko ikatolewa. Aliyefungua kinywa hapo ni mwanafunzi. Aliyefunga mlango ni mtu mzima aliyehitimu zamani.

Nyumbani nako tusijitakase. Udahili wa chuo kikuu hauna barua ya shangazi: Kenya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, inaangalia alama, Tanzania vyuo vinaangalia matokeo ya kidato cha sita, na vyama vya wanafunzi unaingia kwa kuandika jina. Hilo ni zuri na tulilinde. Lakini kwenye ajira tuna kimemo, karatasi ndogo ya mkubwa ambayo haina fomu, haina tarehe ya mwisho wala maswali, na aliyekosa kazi hajui kama ilikuwepo. Fomu ya sororiti ina ubora mmoja juu ya kimemo: unajua ipo, unajua inauliza nini, unaweza kujiandaa. Ukiiweka mbele ya udhamini wa kwetu inapungukiwa, kwa sababu mwandishi hapotezi chochote akisifia asiyemjua. Ningependa watu wa huku wajifunze kwa somo na kwa mdhamini wa VICOBA, kwamba sifa iwe na mwenyewe.

Sasa vile vinne vya wanawake weusi. Alpha Kappa Alpha (1908), Delta Sigma Theta (1913) na Zeta Phi Beta (1920) vilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Sigma Gamma Rho (1922) kilizaliwa Indianapolis. Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa Howard. Wazazi wengi wa Kiafrika hudhani njia ni ileile, kumbe siyo. Hakuna wiki ya mwezi wa nane ya kuzunguka nyumba. Msichana wa mwaka wa kwanza aliyefika jana hawezi kuomba, maana anatakiwa kwanza awe na alama za chuo. Tawi likiwa tayari hutangaza mkutano wa maelezo, na hapo ndipo hutajwa nyaraka, kwa kawaida zikiwemo barua za mapendekezo na ushahidi wa kazi za kujitolea. Mwandishi mwanachama lazima awe amelipa ada ya mwaka huo. Ada ikiwa imelala, barua yake haina nguvu. Mlango hufungwa kwa saa iliyotajwa, si "jioni hivi". Na kutangaza mtandaoni kwamba unataka kuingia hutafsiriwa kama kukosa adabu. Kwenye vyama hivi uhusiano unajengwa kimya, kwa kufika kwenye kazi za tawi muda mrefu kabla, jambo ambalo mtu aliyekulia Tanga au Lamu atalielewa bila kufundishwa.

Dada zangu mlioapishwa kwenye vyama hivi, na mmeanza kuwa wengi, lipeni ada zenu ili muweze kuandika. Binti akija, omba wasifu, kisha mpigie simu nusu saa. Usiandike "ni msichana mwenye bidii na tabia njema". Sentensi hiyo wanaisoma mara mia kwa siku na haimbebi mtu. Andika ulichokiona au alichokueleza kwa kina: "Kwa miaka miwili, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, amefungua darasa la Kiswahili la watoto 14 msikitini kwao, na mwalimu alipougua aliliendesha peke yake wiki sita." Kama humfahamu, jibu swali lile la fomu kwa ukweli kwamba humfahamu, kisha taja aliyekuelekeza.