Ng'ombe wa Tarakimu 48

Kile kidirisha nilikizoea kama mtu anavyomzoea mbu wa chumbani. Unampunga, anaondoka, na unajua atarudi. Kila nikiwasha laptopu kinanieleza kwamba msaada wa Windows 10 unakoma tarehe 14 Oktoba 2025, nami kila siku nabonyeza pale panaposema nikumbushwe baadaye. Tuliishi hivyo miezi kadhaa, kwa heshima.

Mimi sikurupukii matoleo mapya. Windows 7 ilikatiwa msaada tarehe 14 Januari 2020, nikaendelea nayo kwenye mashine yangu ya zamani mpaka siku mashine yenyewe ilipokata roho, tukabaki hatujui nani alimtangulia mwenzake. Kwa hiyo safari hii nilitafuta ushauri mapema. Kosa langu ni kwamba niliutafuta kwa watu wawili.

Shemeji yangu ana msimamo mmoja duniani. "Shemeji, kitu kinachokwenda hakiguswi." Aliyasema hayo akiwa ameshika simu ambayo kioo chake kimepasuka kiasi kwamba anasoma ujumbe kwa kuinamisha kichwa.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mtaalamu wa ukoo, akasema, "Mjomba, pandisha toleo. Usingoje."

Nikangoja.

Usiku wa tarehe 14 Oktoba nilikaa macho. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nimeelewa kwamba mwisho maana yake mwisho, kwamba ikifika saa sita kamili skrini itazima, labda kwa maneno mafupi ya kuaga. Nilivuta kiti, nikakunja mikono. Wazo la kunakili mafaili kwenye fleshi kabla ya msiba halikunijia hata kidogo. Nilikwenda kama mfiwa tu.

Mke wangu akaamka kunywa maji, akanikuta gizani nimemulikwa uso na mwanga wa skrini.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Nasubiri ife."

Akaitazama laptopu, akanitazama mimi, kama mtu anayejiuliza aanze kumtibu nani. "Mbona haina ugonjwa?"

Saa sita ikapita. Kishale kikaendelea kupepesa. Asubuhi nikaiwasha, ikawaka, nikampigia shemeji simu tukapongezana kama watu waliofungua kesi wakashinda.

Mpwa ndiye aliyetuharibia sherehe. "Mjomba, haifi. Inaachwa bila mlinzi." Akanifafanulia kwamba Jumanne ya pili ya kila mwezi hutoka viraka vya usalama vya kuziba matundu yaliyogunduliwa, na kwamba wezi nao huvisoma viraka hivyo. Wakishajua toleo jipya limezibwa wapi, wanakwenda kulijaribu la zamani mahali palepale. Yaani jirani anarekebisha dirisha lake bovu, mwizi anamwona fundi akipigilia misumari, halafu anageuka kutazama nyumba yako ina dirisha la aina gani.

Hapo nikaanza kulala vibaya.

Shemeji, kwa uaminifu wake, akachimbua habari kwamba unaweza kujiandikisha ukaongezewa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuahirisha kwa kibali! Sijawahi kukutana na mpango ulionifaa kitabia kuliko huo. Ningeuchukua, na hadithi hii isingekuwepo, lakini mpwa akanishawishi kwanza niendeshe ile programu ya kupima kama kompyuta inastahili toleo jipya, Windows 11.

Ndugu zangu, laptopu yangu ya mwaka 2018 ilifaulu! Memori wanataka angalau GB 4, ninazo 8. Diski wanataka GB 64, ninazo 256. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ni ya kizazi cha nane cha kampuni ya Intel, na kwa upande wa Intel hapo ndipo, kwa jumla, mlango unapoanza kufunguka. Ingekuwa ya kizazi kimoja nyuma labda tungebaki nje. Hata ile chipu ya usalama, TPM 2.0, imo. Kompyuta za watu zinakataliwa kwa uzee, yangu imepita kwa unywele. Nikajisikia kama mzazi kwenye ubao wa matokeo.

Palikuwa na alama moja tu nyekundu. Kile kipengele kinachohakikisha kompyuta inawaka kwa programu zilizothibitishwa kilikuwa kimezimwa. Mpwa akaniambia kinawashwa kwenye baiosi, yaani ile menyu ya mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kazi ya dakika mbili, lakini nimsubiri aje Jumapili tufanye pamoja. Hiyo ilikuwa Jumamosi saa mbili usiku. Mtu ambaye ameahirisha kwa miezi na miezi akashindwa kusubiri saa kumi na mbili.

Kuingia baiosi kwenye laptopu yangu unabonyeza F2 mfululizo mara tu inapowaka. Mara tatu nilichelewa, ikanifungukia kawaida kama inayonionya. Mara ya nne nikaingia. Nikakiona kile kipengele, nikakiwasha. Kazi imekwisha. Mtu mwenye akili angehifadhi mabadiliko akatoka.

Lakini nimeshaingia jikoni, nitatokaje bila kufunua vyungu? Nikazungukazunguka, nikafika kwenye ukurasa wa ile chipu, na hapo palikuwa na mstari ambao kwa tafsiri yangu ya haraka ulisema: safisha. Nikajiambia, chipu ni ya tangu 2018 na haijasafishwa hata siku moja. Mimi nimelelewa kwenye usafi. Nikabonyeza. Pakatokea onyo refu lenye aya kama tatu, na onyo la aina hiyo tangu nizaliwe sijawahi kulivuka mstari wa kwanza. Nikakubali.

Ilipowaka tena, skrini yote ilikuwa ya bluu. Ilikuwa inaomba, kwa adabu kabisa, ufunguo wa kurejesha wa BitLocker. Tarakimu 48.

Nieleze kidogo, kwa faida ya atakayejaribu usafi baada yangu. BitLocker inaifunga diski nzima kwa usimbaji, kiasi kwamba mwizi akiichomoa haoni kitu. Kinachoifungua kinalindwa na chipu ya TPM, nayo inakitoa kimyakimya kila unapowasha mashine, ndiyo maana wewe husikii lolote. Mimi nilikuwa nimemfuta kumbukumbu mlinzi wa mlango, halafu nikashangaa kwa nini hanitambui. Kompyuta haikukosea hata chembe. Ilikuwa inanikinga dhidi ya mtu mjinga aliyeingia baiosi usiku.

Nilipoiwasha BitLocker miaka ile, niliulizwa nataka kuutunza wapi ufunguo wa akiba: kwenye akaunti ya mtandaoni, kwenye faili, au niuchape. Nikachagua kuchapa. Nakumbuka hata nilivyojigamba: karatasi haidukuliwi.

Nikaanza kuitafuta. Nilifungua kila bahasha iliyomo ndani ya nyumba. Nilikuta waranti ya feni ambayo hatunayo tena, na maelekezo ya kuunganisha kabati tuliloliunganisha bila kuyasoma, na sasa najua kwa nini mlango wake mmoja haufungi. Mke wangu akatokea mlangoni.

"Umepoteza nini?"

"Hakuna. Laptopu imejifunga kidogo."

"Kidogo." Kimya. "Alama za wanafunzi wangu zimo humo."

Mke wangu ni mwalimu wa hisabati. Alama zilitakiwa Jumatatu asubuhi, za madarasa mawili. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ni nyembamba, kama anayo nakala mahali pengine. Akajibu, "Uliniambia utaninunulia fleshi."

Sitasimulia dakika kumi zilizofuata. Zilikuwa za utulivu mkubwa.

Nikiwa nimelala kifudifudi natazama nyuma ya kabati, nikahisi mtu amesimama kando yangu. Binti yetu, miaka sita, ambaye kwa saa ile alipaswa kuwa usingizini.

"Baba, unatafuta nini?"

"Karatasi. Ina namba nyingi nyingi."

Akafikiri. "Kama za nyuma ya ng'ombe wangu?"

Mlangoni kwa chumba chake kuna ng'ombe. Nimepita mbele yake kila siku kwa zaidi ya mwaka. Ni ng'ombe mzuri, ana miguu mitano kwa mujibu wa hesabu yangu na minne na mkia kwa mujibu wa mchoraji. Amebandikwa kwa selotepu pembe zote nne. Nyuma yake, imegeuzwa kuelekea ubao wa mlango, ilikuwa karatasi yangu isiyodukuliwa.

Kumbandua hakukuwa rahisi, kwa sababu mwenye mali alikuwa macho na ana masharti. Ng'ombe asichanwe. Arudishwe palepale. Na asikunjwe, maana atavunjika mguu. Nikakubali yote, na safari hii niliyasikiliza mpaka mwisho.

Kitambulisho cha ufunguo kilicho kwenye karatasi kilifanana na kile cha kwenye skrini. Nikaketi, mke wangu akasoma, mimi nikaandika. Mafungu manane, kila fungu tarakimu sita. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano likatutia kizuizini.

Ng'ombe huyu ana mabaka, na mabaka yamepakwa kwa makapeni, nayo yalipenya hadi upande wa pili. Baka moja, la begani, lilikuwa limekalia tarakimu ya tatu ya fungu la tano. Ilisomeka 4, 7, wino, 2, 1, 3. Ukiinua karatasi kwenye taa unaona kijiti kimoja kimesimama.

"Hiyo ni 1," nikasema. Nikaandika 1. Ikakataa. Nikaandika 1 tena, polepole zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa mwendo. Ikakataa.

Nikampigia mpwa. Alisikiliza yote, kuanzia usafi hadi ng'ombe, na nikamsikia akiweka simu mbali na mdomo ili acheke kwa adabu. Aliporudi akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mjomba, katika ufunguo huo kila fungu linagawanyika kwa 11 bila kubaki. Ndivyo zinavyotengenezwa, ili ukikosea kuandika ijulikane. Muulize shangazi."

Sikumaliza hata kulirudia. Mke wangu alikuwa ameshachukua kalamu, na usoni mwake palikuwa na ile raha ya mwalimu anayeona mada ya darasani imeleta faida nyumbani.

"Kugawanyika kwa 11," akasema, akiniangalia kama mwanafunzi wa kiti cha nyuma. "Unajumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano. 4 na 1 ni 5, ongeza hiyo iliyofichwa. Halafu za nafasi ya pili, ya nne na ya sita. 7, 2 na 3 ni 12. Tofauti lazima iwe 0 au kigawe cha 11. Sasa 5 ongeza ngapi iwe 12?"

"Saba?"

"Saba."

"Lakini mimi naona 1. Tazama, kijiti hicho hapo."

"Wewe ndiye uliyesafisha chipu," akasema.

Nikaandika 7. Likapita. La sita, la saba, la nane, zote zikapita. Skrini ya bluu ikaondoka. Ile pini fupi ya kuingilia niliyoizoea ilikuwa imekwenda na usafi, ikabidi niandike paswadi nzima, lakini hiyo namshukuru Mungu ipo kichwani. Mafaili yote yalikuwepo. Mke wangu akanisogeza kwenye kiti bila maneno, akajitumia alama zake kwa barua pepe, akazituma tena kwa anwani yake ya pili, kisha akazinakili zote kwa mkono kwenye daftari. Madarasa mawili. Alikuwa anaandika huku ananitazama.

Jumapili mpwa akaja. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kunakili mafaili yetu kwenye fleshi aliyokuja nayo, kwa kuwa yangu ilikuwa bado ni ahadi. Akaisitisha BitLocker kwa muda, akakagua kile kipengele, akaanzisha upandishaji, kisha akaniomba nikae upande wa pili wa chumba. Ilichukua muda, ikazima na kuwaka yenyewe mara kadhaa, na kila ilipozima mke wangu alikohoa. Jioni ikafunguka. Toleo la 11, salama salimini. Mpwa akaturudishia ulinzi, akanionyesha kwamba nikijuta ninazo siku 10 za kurudi toleo la zamani.

Shemeji akapiga simu usiku ule kutaka habari.

"Haya shemeji, umeona nini kipya?"

Nikaitazama skrini kwa makini, nikitafuta kitu kinachoweza kulipia wikiendi nzima. "Kitufe cha kuanzia kilikuwa kushoto," nikamwambia. "Sasa kiko katikati."

Kimya kirefu upande wa pili. "Na ukikihitaji kushoto?"

"Inawezekana. Nimeshakirudisha."

Kabla ya kuondoka, mpwa alinitengenezea ufunguo mpya wa akiba, akautunza kwenye akaunti yangu, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaomba pia auchape. Ng'ombe alikuwa amesharejeshwa mlangoni, pembe nne, selotepu mpya. Nilikuwa nimeishika ile karatasi naangaza wapi pa kuiweka, binti yangu akanivuta suruali.

"Baba, hiyo nyuma yake haina kitu?"