Nembo kwa biashara ndogo: nani anaihitaji, na lini

Katika barabara kuu za Mwanza, Morogoro, Mombasa au Kisumu, rangi ya kwanza kuonekana madukani mara nyingi haikuchaguliwa na mwenye duka. Ni nyekundu ya soda, ni rangi ya mtandao wa simu, ni ya kiwanda cha rangi chenyewe. Jina la duka, kama lipo, limewekwa kwenye kona kwa herufi ndogo, chini ya nembo ya kampuni iliyogharimia kupaka ukuta. Mwenye duka ameokoa hela ya rangi na ya fundi, na kwa mtu anayeanza hela hiyo si ndogo. Ila kwa mpita njia, duka lake halitofautiani na la jirani.

Naanzia hapo kwa sababu ubishi kuhusu nembo za biashara ndogo karibu kila mara huanzia mahali pengine, kwenye bei ya msanifu wa michoro. Wasanifu wanasema biashara isiyo na sura yake haiwezi kukua. Wafanyabiashara wanajibu kwamba mteja hali nembo. Wote wawili wanasema kweli kuhusu biashara wanayoijua, kisha wanaipeleka kweli hiyo kwenye biashara wasiyoijua, na mjasiriamali mwenye mtaji wa laki tano anabaki katikati hajui amsikilize nani.

Tumsikilize kwanza anayekataa, maana hoja zake zina uzito kuliko wasanifu wengi wanavyokubali. Mama lishe wa karibu na stendi hana nembo na hana hata bango. Wateja wake wanafuata mkono wake, wanafuata maharage yaliyoungwa nazi, na wanamfuata kwa sababu anajua nani atalipa Ijumaa. Fundi pikipiki anapata kazi kwa namba yake ya simu kupitishwa kutoka kwa dereva mmoja hadi mwingine. Ukimwambia mama yule atoe laki moja kwa ajili ya nembo, unamwambia aondoe mchele, mafuta na mkaa wa siku kadhaa kwenye mzunguko. Mapishi yakilegea wiki moja, hakuna mchoro utakaomrudishia watu kwenye benchi.

Na hata biashara yenye sura inayojulikana na kila mtu hufa. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lake lilitokana na maneno hayo hayo, Nakuru Mattress. Tembo wake alikuja kujulikana Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Tembo alikuwa vilevile siku zote hizo. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba wasambazaji hawakulipwa na rafu zikabaki tupu.

Sasa upande wa pili. Chukua mfugaji wa nyuki wa Tabora au Singida. Asali yake ni nzuri, haikuchemshwa na haina sukari. Anaijaza kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika na kuiuza kwa mtu wa basi. Ikifika Dar es Salaam inawekwa kando ya asali nyingine za chupa kama hizo, na baadhi yake ni sukari guru iliyoyeyushwa. Mnunuzi hawezi kujua ipi ni ipi kwa kutazama, kwa hiyo analipa zote kwa tahadhari, yaani bei ya chini. Mfugaji mwaminifu analipa gharama ya udanganyifu wa mwingine. Na hata aliyeifurahia chupa moja hana namna ya kuitafuta ya pili, maana haina jina.

Hasara hiyo inaniuma kuliko nembo zote mbaya nilizowahi kuziona, kwa sababu ni ya mtu aliyefanya kazi nzuri kisha akaruhusu sifa yake ipotee njiani. Lebo pekee haiwezi kumwokoa. Maduka makubwa yatadai barkodi, yatauliza kuhusu TBS (shirika la viwango la Tanzania), yatataka vifungashio visivyovuja. Ila vyote hivyo vinahitaji jina la kubandikwa.

Watu wa pwani hili hawakufundishwa na kitabu cha masoko. Mombasa kuna familia ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara mwaka 1887, ambayo kanga zake zina maandishi madogo kwenye pindo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Kanga ina mji (sehemu ya katikati), ina pindo, ina jina (maneno yaliyoandikwa juu yake), na miundo yake hubadilika kila msimu, kwa hiyo muuzaji hawezi kutegemea mchoro mmoja kumtambulisha. Alichokifanya ni kuweka alama ileile, mahali palepale, kwenye kila kanga, iwe ya maua, ya korosho au ya sikukuu. Mama wa Unguja au wa Lamu ambaye hajawahi kuingia dukani kwao anaweza kuitafuta kwenye pindo kabla ya kutoa pesa. Hakuna ustadi mkubwa wa uchoraji pale. Ni herufi tu. Nguvu yake imetoka kwenye kurudiwa bila kubadilika, na kwenye kitambaa kilichotimiza ahadi ya zile herufi.

Kwangu, mpaka kati ya pande hizi mbili uko hapo. Swali la kumuuliza mfanyabiashara ni moja: je, bidhaa yako inasafiri bila wewe? Kama mteja anakuona usoni kila anaponunua, wewe ndiye alama, na hela yako iende kwenye mchele, kwenye mashine, kwenye usafi wa mahali. Mali ikianza kuondoka mikononi mwako, ikiuzwa na mtu usiyemjua kwa mtu asiyekujua, kila siku unayochelewa kuipa jina ni siku unayomjengea sifa mwingine. Fundi cherehani anayeshona kwa vipimo mtaani anaweza kusubiri. Fundi huyohuyo akianza kupeleka sare za shule mikoani, asisubiri, na lebo ndogo ya kushonea kwenye kola itamfaa kuliko bango la dukani.

Ukubwa wa mtaji hauingii katika kipimo hiki, na ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa sana kwamba mtu akuze biashara kwanza, nembo baadaye. Msaga pilipili wa nyumbani mwenye chupa thelathini tu anaihitaji lebo kuliko mwenye mgahawa wa meza ishirini.

Pande zote mbili hupenda kuutaja mfano wa Nike, na zote huukata katikati. Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu wa Portland State University, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa alama ile ya mkunjo. Mbahili huishia hapo: umeona, dola 35 tu. Msanifu naye hukimbilia mwishoni, kwenye thamani ya chapa hiyo leo. Kinachorukwa ni katikati. Phil Knight, mwenye kampuni, hakuipenda sana alama hiyo mwanzoni. Kwa zaidi ya miaka 20 ilitembea sambamba na jina lililoandikwa, na ni katikati ya miaka ya 1990 tu ndipo kampuni ilipoanza kuiacha isimame peke yake. Kampuni yenye bajeti ile ilihitaji muda wote huo kabla mchoro haujaweza kusema jina bila maneno. Mwuza siagi ya karanga wa Dodoma anayetaka alama isiyo na jina, kwa sababu ameona makampuni makubwa yakifanya hivyo, anajinyima kitu pekee ambacho mteja angeweza kukikumbuka na kumtajia jirani.

Turudi kwenye kuta zilizopakwa bure. Wapo wanaosema kwamba wakala wa pesa za simu anafaidika na rangi ya kampuni, na ni kweli: mgeni mjini anatafuta rangi hiyo, hamtafuti yeye. Kwa huduma ambayo ni ileile kila mahali, kuvaa sare ya kampuni ni uamuzi mzuri. Tatizo linakuja pale duka zima, lenye unga, sabuni na vocha, linapokabidhi uso wake wote. Mwenye duka la Tanzania aliyeanza na mtandao wa simu wa Celtel alipakwa Zain jina lilipobadilika mwaka 2008, akapakwa Airtel kuanzia mwaka 2010, na jirani yake aliyekuwa wa Tigo aliona jina hilo likiwa Yas mwezi Novemba 2024. Kampuni zina sababu zake za kubadilika. Ila mtu ambaye ukuta wake wote ulikuwa wa kampuni amebadilishwa jina na watu ambao hawakumuuliza. Ningemshauri akubali rangi, kisha adai ubao wa juu ya mlango ubaki wake. Wengi hawajui kwamba hilo linaweza kuzungumzwa kabla fundi hajafungua kopo.

Mfanyabiashara akishaamua kwamba anahitaji nembo, anunue nini? Jina kwanza, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Majina kama Asali Safi au Unga Bora yanaonekana salama, lakini sheria za alama za biashara, Tanzania na Kenya pia, hazimpi mtu mmoja umiliki wa neno linaloeleza bidhaa tu. Atakuwa amelipia lebo ambayo jirani anaweza kuiga nusu yake bila kosa. Picha nazo zina ugonjwa huohuo: mlima Kilimanjaro, twiga, ramani ya Afrika, jani la kijani. Sisemi ni mbaya. Nasema zimetumika na wengi mno kiasi kwamba hazimtofautishi mtu na mwenzake, na kumtofautisha mtu ndiyo kazi ziliyopewa.

Kisha aijaribu kwenye vitu anavyovitumia kweli, asiridhike na kioo cha kompyuta ya msanifu. Je, inasomeka kwenye mhuri wa risiti, wino mmoja? Je, inatambulika kwenye kile kiduara kidogo cha WhatsApp? Je, ikishonwa kwenye aproni inabaki herufi au inageuka uvimbe wa nyuzi? Nembo yenye rangi tano na vivuli itafeli yote matatu na itaongeza gharama kila atakapochapisha. Mimi naona rangi mbili zinatosha, na ningesisitiza zaidi kwamba ziwe zilezile kwenye lebo, kwenye kadi, kwenye mfuko na kwenye picha za mtandaoni.

Kuhusu Canva, ile programu ya kujichorea mtandaoni, na akili mnemba, sioni haja ya kumkataza mtu. Kwa tangazo la ofa ya mwisho wa wiki ni msaada mkubwa, na zimempa uwezo mtu ambaye zamani angetegemea kijana wa stationery. Kwa nembo ni jambo jingine. Masharti ya Canva yenyewe yanaeleza kwamba michoro iliyomo kwenye violezo vyake ni ya kutumiwa na kila mtu, hivyo huwezi kuisajili kama alama yako peke yako. Anayetaka kuuza chupa mia katika soko la mtaani anaweza kuishi na hilo. Anayetaka kuingia madukani mijini atalazimika kubadilisha lebo wakati tayari wateja wameizoea, na wakati huo ni ghali kuliko mwanzo.

Usajili ndio unaopuuzwa zaidi. Tanzania Bara, wengi wakishasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wanadhani wamemaliza. Jina la biashara linakuwezesha kufungua akaunti na kuomba leseni. Anayetaka kumzuia mwingine asitumie alama yake anatakiwa kusajili alama ya biashara, ambayo ni ombi jingine, kwa daraja la bidhaa husika. Hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Na usajili huo hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA, kwa hiyo mzalishaji wa viungo wa Unguja anayepeleka mali Kariakoo anahitaji kujilinda pande zote mbili. Kenya kazi hiyo iko KIPI, taasisi ya serikali ya mali za ubunifu wa viwandani, na ulinzi ni wa miaka 10 kwa kila kipindi. Ningependa kuona vituo vya SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, na maafisa biashara wa halmashauri wakilisema hili siku ya kwanza ya mafunzo ya vifungashio, kabla watu hawajachapisha lebo elfu.

Nimewagusa wasanifu kidogo tu, na wao pia wanaumizwa. Mteja anaomba michoro sita, anaondoka na mmoja alioupiga picha kwa simu, halafu anaupeleka kwa mwingine aumalizie kwa bei ya chai. Malipo ya nusu kabla ya kazi na idadi ya marekebisho iliyoandikwa ni haki yao, na mfanyabiashara anayekubali masharti hayo ana nguvu ya kudai yake: faili la vekta (linalokuzwa bila kuharibika), toleo la rangi moja, jina la fonti (aina ya herufi), namba za rangi, na karatasi iliyosainiwa kwamba haki zote za mchoro zimehamia kwake. Bila hiyo karatasi, ombi lake la usajili linaweza kuja kupingwa na mtu aliyemchorea. Bila lile faili, picha aliyotumiwa kwa WhatsApp itapasuka siku atakapochapisha bango la mita tatu, na itabidi alipe nembo hiyohiyo ichorwe upya.