Wadruidi wa Stonehenge na wazee wa kaya

Kila mwaka, alfajiri ya tarehe 21 Juni au karibu na hapo, maelfu ya watu hukusanyika Stonehenge, kusini mwa Uingereza, kungoja jua lichomoze upande wa lile jiwe lililosimama peke yake nje ya duara. Miongoni mwao wamo Wadruidi, watu wa siku hizi waliojipa jina la makuhani wa kale wa nchi hizi, waliovaa kanzu nyeupe, wanaopiga pembe na kuziita pande nne za dunia. Naishi Swindon, si mbali na huko, na nimesimama pale nikawatazama. Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, Kilifi, pwani ya Kenya, mjukuu wa mzee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu zetu. Waafrika wenzangu huku wakiitaja ibada ile, husema moja kati ya mawili: ni ushetani, au ni ushahidi kwamba hata Wazungu wamerudia dini ya mababu zao. Yote mawili hayafai, na hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatupotosha sisi wenyewe.

Yale mawe makubwa yalisimamishwa karibu mwaka 2500 KK. Wadruidi wa kale tunawasoma kwa kirefu kwa Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, karibu mwaka 50 KK, zaidi ya miaka 2,000 baadaye. Hakuna ushahidi kwamba Druidi yeyote wa kale aliwahi kufanya ibada kwenye duara lile. Waliowahusisha na mawe hayo ni wasomi wa Kiingereza: John Aubrey katika karne ya 17, kisha William Stukeley, aliyetoa kitabu chake mwaka 1740.

Caesar anasema pia kwamba Wadruidi walikataza mafundisho yao yasiandikwe. Mwanafunzi aliweza kukaa hata miaka 20 akihifadhi mashairi kwa moyo. Sasa fikiria kilichofuata. Karibu mwaka 60 BK jeshi la Kirumi lilivuka maji hadi kisiwa cha Anglesey, huko Wales, likawaua watu na kuikata misitu yao mitakatifu. Elimu iliyokaa vichwani mwa wazee huondoka na wazee. Ndiyo maana Iolo Morganwg, mwashi wa mawe kutoka Wales, alipoitisha kusanyiko la washairi juu ya kilima cha Primrose Hill, London, mwaka 1792, hakuwa na mtu wa kumuuliza ibada inakwendaje. Aliandika mengine mwenyewe akadai ni hati za kale, na ilichukua muda mrefu wasomi kuugundua udanganyifu. Wicca nayo, dini ya Kipagani ambayo wafuasi wake wengi hujiita wachawi, ni ya karne ya 20. Gerald Gardner aliitangaza katika miaka ya 1950, na mzunguko wa sherehe nane za mwaka ambao Wapagani wengi huufuata leo uliunganishwa katika miaka hiyohiyo.

Wapagani wengi huku wanayajua haya vizuri kuliko majirani zao Wakristo. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Bristol ameyaeleza kwa kina, na wao wenyewe ni wasomaji wake wakubwa. Wengine watakwambia wazi kwamba dini yao ni mpya, wameitunga kwa kuipenda ardhi wanayoikanyaga. Nawaheshimu kwa ukweli huo. Mtu ana haki ya kuanza ibada leo, na dola ya hapa imelikubali hilo: mwaka 2010 shirika moja la Wadruidi lilisajiliwa kama taasisi ya hisani kwa misingi ya dini.

Lakini watu wa kale waliojenga pale walikuwa wakifanya nini? Katika kijiji chao cha Durrington Walls, kilomita tatu hivi kutoka kwenye mawe, wachimbuzi wamekuta mifupa mingi ya nguruwe. Meno yanaonyesha kwamba wengi walichinjwa wakiwa na umri wa miezi tisa hivi, yaani katikati ya baridi kama walizaliwa majira ya kuchipua. Baadhi ya wanyama wa karamu hizo waliletwa kutoka mbali, pengine hadi Scotland. Hiyo ni kazi ya jamii nzima: kufuga, kuswaga safari ndefu, kuchinja, kula pamoja, kuzika wafu. Aliyezaliwa ndani yake hakuichagua.

Ndivyo ninavyoifahamu kaya. Huingii msituni kwa sababu moyo wako umependa. Unaingia kwa ukoo wako, kwa ruhusa ya wazee, kwa njia iliyowekwa, na mti haukatwi. Mvua ikikawia, wazee huenda kuiombea nchi nzima, hata wale wanaowacheka. Kwa hiyo mzee wa kaya na yule mchungaji wa nguruwe wa miaka 4,500 iliyopita wangeelewana upesi kuliko yeyote kati yao na mtu wa kanzu nyeupe aliyekuja kutafuta utulivu wa nafsi yake.

Na sisi tulipata Anglesey yetu. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwalisha Wagiriama kiapo cha kuwapinga, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Tofauti ni kwamba wazee walirudi. Mnyororo wetu haukukatika, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya katika urithi wa dunia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Ile waliyotutungia Kenya mwaka 1925 tuliibakiza baada ya uhuru, pamoja na aibu iliyokuja nayo. Huku mtu hujitambulisha kazini kuwa mfuasi wa Wicca na hakuna anayeshtuka. Kilifi, wazee wameuawa na watu wa nyumba zao kwa kusingiziwa uchawi, kosa likiwa mvi na kipande cha shamba. Kila mzee anayeuawa hivyo anaondoka na nyimbo, miiko na majina ya mahali ambayo hayajaandikwa popote.

Wakati huohuo naona vijana wetu, wa huku na wa nyumbani, wanaotaka kurudia dini ya Kiafrika. Nafurahi. Ila wengi wanaanzia mitandaoni, kwa miungu ya Misri ya Mafarao na shanga za kununua, kana kwamba nasi hatuna wa kumuuliza, kama Iolo. Tunao! Mjomba wangu yuko Kaloleni. Nilipompigia kumweleza habari hizi alisema yuko tayari kumfundisha kijana yeyote wa ukoo, ila si kwa simu: aje akae, alime naye, amfuate msituni siku atakayoitwa. Binamu yangu mmoja ameshaanza kwenda. Mwenye mtoto huku anayeuliza habari za kaya, amtume likizo hii.