Sewanee 1899: mechi tano ndani ya siku sita tuzipime vipi?

Treni ilikuwa imeshaondoka ndipo ikagundulika kwamba viatu vya wachezaji vimesahaulika. Meneja wa timu, mwanafunzi aitwaye Luke Lea, akahangaika njia nzima mpaka viatu vikawafuata na kuwafikia kabla ya mechi ya kwanza. Kitu kimoja hakikusahaulika: mapipa mawili ya maji ya chemchemi kutoka kwao mlimani, kwa hofu kwamba maji ya ugenini yangewaharibu matumbo.

Ndivyo ilivyoanza, Novemba 1899, safari ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha South, kinachojulikana zaidi kwa jina la mahali kilipo, Sewanee, jimbo la Tennessee. Ni chuo kidogo cha kanisa la Episkopo. Novemba 9 wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Texas 12–0 mjini Austin. Siku ya pili Texas A&M 10–0 mjini Houston. Ya tatu Tulane 23–0, New Orleans. Jumapili wakapumzika. Jumatatu LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, 34–0 mjini Baton Rouge, na Jumanne, Novemba 14, Mississippi 12–0 mjini Memphis. Siku sita, mechi tano, karibu kilomita 4,000 za reli, na hakuna aliyepata hata pointi moja dhidi yao. Msimu mzima walicheza mechi 12, wakashinda zote, pointi 322 kwa 10.

Wapo wanaosema hakujawahi kuwa na timu ya chuo kama hiyo. Wapo pia wanaosema rekodi hiyo ni ya zama zake tu, haina uzito mbele ya mpira wa leo. Nimesoma hoja za pande zote kwa miaka, na kila upande naona umeshika kipande cha ukweli ukaacha kingine.

Tuanze na wanaoipunguza, maana wana hesabu. Kati ya zile pointi 322, 125 zilitoka kwenye mechi mbili tu, dhidi ya Southwestern Presbyterian (54) na Cumberland (71), vyuo visivyotisha. Tulane ya mwaka ule haikushinda mechi yoyote, wala haikupata pointi msimu mzima. Sheria nazo zilikuwa nyingine: kurusha mpira mbele kwa mkono kulipigwa marufuku hadi 1906, timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi 5, na mchezo ulikuwa wa kusukumana kifua kwa kifua. Aliyekuwa na wanaume wagumu katikati aliweza kuuziba uwanja mzima. Sifuri nyingi kwenye ubao wa enzi zile si muujiza.

Hayo nayakubali. Ila hesabu hiyohiyo inasema jambo jingine ukiisogelea. Ondoa mechi mbili nyepesi za safarini, Tulane na LSU. Zilizobaki ziliisha 12, 10 na 12, yaani tachidauni mbili kila moja, kwa kuwa tachidauni (kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la mpinzani) wakati ule ilikuwa pointi 5 na mkwaju wa nyongeza 1. Hizo ni mechi zilizobanana. Texas walikuwa nyumbani kwao, na msimu ule hawakufungwa na mtu mwingine ila chuo cha Vanderbilt. Nahodha wa Sewanee, Henry Seibels, alipasuka kichwa katika mechi hiyo, akabandikwa plasta, akaendelea, na tachidauni zote mbili ni zake. Aliyetoka uwanjani hakuruhusiwa kurudi. Watu walewale walioshambulia ndio waliolinda, kofia ngumu hazikuwa lazima, kisha unapanda behewa, unalala huku linatikisika, na kesho saa za mchana unacheza tena. Hata mpinzani awe dhaifu, mwili wako wa siku ya tano si ule wa siku ya kwanza.

Kipimo halisi kwangu kiko Montgomery, Novemba 30, dhidi ya chuo cha Auburn cha kocha John Heisman. Pointi zote 10 walizofungwa Sewanee mwaka ule zilitoka hapo. Wakashinda 11–10, na Heisman akawalalamikia waamuzi hadharani. Siku mbili baadaye waliifunga North Carolina 5–0 huko Atlanta. Timu iliyobanwa hivyo na bado ikatoka mzima haikubebwa na ratiba.

Wanaoisifu nao wana lao la kujibu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kila mjadala ukiwaka, Sewanee hutajwa kama mfano wa enzi safi, vijana waliocheza kwa mapenzi tu. Vijana, sawa. Lakini safari yenyewe ilizaliwa na fedha. Sewanee na Vanderbilt walikuwa wamegombana juu ya mgawanyo wa viingilio, mechi yao ikafutwa, na Lea akatafuta mapato mahali pengine. Mechi tano zilibanwa ndani ya siku sita ili viingilio vilipe gharama. Aliyeipanga alikuwa na kipaji kikubwa (baadaye akawa seneta wa Marekani), nami namheshimu kwa hilo. Lakini tusiite usafi kile kilichokuwa biashara iliyopangwa vizuri, ambayo waliotoa jasho hawakulipwa.

Na yupo ambaye masimulizi mengi humpitia juujuu: Cal Burrows, Mmarekani mweusi aliyewakanda misuli kutoka mji hadi mji. Treni yao ilikatiza Louisiana miaka mitatu tu baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuhalalisha, kwa kesi ya behewa la jimbo hilohilo, ubaguzi wa weusi na weupe. Asingeruhusiwa kuvaa jezi aliyoiweka hai.

Chuo chenyewe hakikuweza kuufuata mchezo ulikokwenda. Kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, kikacheza mechi 37 za ligi hiyo na kupoteza zote, kikajitoa 1940. Leo kinacheza daraja la tatu la michezo ya vyuo, bila kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo.

Mashabiki wake huwaita wale wa 1899 watu wa chuma. Ormond Simkins, aliyekuwa akivunja ngome na kupiga mikwaju mirefu, baadaye alikatwa miguu yote miwili, na chanzo kinachotajwa ni majeraha ya mpira.